Dakika za Njiani

Tangazo nililisomea garini,
kati ya nyumba ya Bi Morfudd na nyumba ya Idwal,
mvua ikigonga paa kama mtu aliyesahau ufunguo,
mkate wa jibini pajani.
Nafasi moja ya uzamivu. Uchumi wa afya.
Ada italipwa yote. Posho, miaka mitatu na nusu.
Mwombaji awe na ari ya kutembelea wagonjwa vijijini.

Ari!
Miaka kumi na mmoja nimewatembelea,
nimewakata kucha, nimewabadilishia shuka,
kampuni ikinilipa robo saa kwa kila mlango;
na njia kati ya mlango na mlango,
kilomita sita za kona, kondoo wamelala barabarani,
hiyo haikuwa kazi.
Hiyo ilikuwa hewa tu.

Nikaandika ombi kwenye meza ya jikoni,
mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu,
na shahada moja ya hisabati
iliyolala droo moja na vibanio vya nguo.
Kwenye usaili kule Bangor wakaniuliza,
"Swali lako la utafiti ni lipi?"
Nikasema, "Nani hulipia dakika za njiani?"
Profesa mmoja akaacha kuandika.
Mwingine alikuwa akimimina chai; ikafurika kisahani.

Basi nikapewa.

Nikajifunza majina mapya ya mambo ya zamani.
Uchovu wangu ukaitwa gharama isiyoonekana.
Binti wa Morfudd, aliyeacha kazi ya benki
ili amlaze mama yake na kumwamsha,
akaitwa mlezi asiye rasmi, akatiwa safu ya saba.
Na mwaka wa uhai, huu huu wenye theluji na bili za umeme,
ukaitwa moja,
ikiwa u mzima.
Ukikohoa, nukta sita.
Kifo ni sifuri.
Na zipo hali, jedwali linasema, zilizo chini ya sifuri.
Hilo sikuhitaji kufundishwa:
nilikuwa na funguo za milango yake.

Mgonjwa haulizwi uji.
Mimi nililipwa nikamuulize.
Idwal, mapafu yamejaa vumbi la machimbo,
mirija ya oksijeni masikioni kama miwani iliyokosewa,
alinipokea kana kwamba nimeleta taulo.
Nikafungua dodoso.
"Chukulia una miaka kumi ya kuishi hivi ulivyo.
Ungetoa mingapi kati ya hiyo
ili inayobaki uiishi ukiwa mzima?"
Akatazama dirishani, lile lundo la mawe meusi, limelowa.
"Mererid," akasema. Pumzi. "Miaka sina."
Pumzi.
"Niulize Jumanne."

Jumanne ilikuwa siku yangu.
Siku hizi huja kijana, kila wiki mwingine,
husimama katikati ya chumba
na koti lake mwilini.

Dodoso halina kisanduku cha Jumanne.
Nikaandika: hakujibu.
Darajani nikasimamisha gari, nikafuta,
nikakaa,
nikaandika tena: hakujibu,
maana msimamizi wangu ni mtu mwema
na wafadhili wanataka takwimu kabla ya Machi.

Posho huingia tarehe mosi.
Ni zaidi ya nilicholipwa kwa kumwogesha.
Nikienda kumhesabu Idwal, najaza fomu:
dakika hamsini na mbili, pamoja na mafuta,
nazo hulipwa bila mtu kuuliza.
Hilo nitaliandika katika sura ya nne, kama nitathubutu.

Jana nilipita pale bila dodoso.
Taa ya jikoni ilikuwa ikiwaka.
Nilikaa garini muda ambao hakuna fomu inayoujua,
kisha nikashuka,
nikavua koti nikiwa bado mvuani,
ndipo nikagonga.